The Square (2008): niitazame au niiache?

Itazame. Wanaolalamika kwamba filamu hii ya Nash Edgerton imejaa bahati mbaya za kulazimisha hawamfuatilii Ray, mhusika mkuu, vizuri. Karibu kila balaa linatokana na uamuzi wake: anampenda Carla, mke wa mtu, naye Carla anataka waibe fedha ambazo mumewe amezificha darini. Wanamkodi mchomaji nyumba ili wizi usigundulike. Kisha wanajaribu kumsimamisha kwa simu, lakini ujumbe haumfikii kwa wakati, na hapo ndipo mpango unapoharibika.

Usisome muhtasari kwanza. Mwangalie mbwa anayevuka mto mwanzoni, kisha kadi za Krismasi za vitisho. Ukichoka na mwendo wa taratibu, vumilia hadi moto uwake; baada ya hapo huachii.