Klachi ya Impreza GC8: toa injini, gia boksi iache

Mkuu, umeuliza ushushe gia boksi au utoe injini ili ubadilishe klachi ya Subaru Impreza WRX yako ya GC8 (ile Impreza ya toleo la kwanza) nyumbani. Kama huna shimo wala lifti, toa injini. Gia boksi ya Subaru imebeba na difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele) ndani yake, ni nzito, na kulala chini yake ukitegemea jeki ni kutafuta balaa. Injini ni fupi, inatoka kwa juu kwa cheni bloki. Ila uifunge kwenye boriti ya chuma, siyo mbao za banda!

Redieta, intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) na paipu ya egzosi ya turbo vitoke kwanza. Kampresa ya AC ifungue boliti tu, ilaze pembeni na paipu zake, gesi haipotei.

Wengi hukwama hapa: klachi yake ni ya kuvuta, yaani beringi inavuta presha pleti (bamba la upande wa injini linalokandamiza diski ya klachi) badala ya kuisukuma, na imenasa humo. Ukimaliza boliti zote, injini bado inagoma. Ubavuni mwa gia boksi kuna kizibo cha alenkii namba 10. Kifungue, funga boliti ya M6 kwenye pini ya uma wa klachi (mkono unaovuta beringi), kisha vuta boliti pini itoke, uma ubaki huru. Usianze kutia mtaimbo kabla ya hapo, utapasua kava la alumini.

Gia boksi itegeshee jeki injini inapoachia. Flaiwili (gurudumu zito la injini linalobeba klachi) ikishatoka, badilisha na sili ya nyuma ya krenki inayozuia oili, bei yake ni ndogo kuliko kurudia kazi yote.