Boxer ya kwanza, Pongwe mpaka mjini: anza na kusimama

Mkuu, umesema umenunua pikipiki aina ya Boxer ya mkononi, unakaa Pongwe, kazi yako iko Chumbageni mjini, hujawahi kuendesha chochote zaidi ya baiskeli, na Jumatatu unataka uingie nayo kazini. Jumatatu panda daladala.

Mimi huu ni mwaka wa 9 naendesha hapa Tanga. Nimeanguka mara 2, na zote sikuwa na mwendo. Ya kwanza nilikuwa natoka kwenye lami kuingia njia ya nyumbani Mikanjuni, pale mvua inapomwaga mchanga pembeni. Kuku akakatiza. Nikabana breki ya mbele yote kwa mkupuo, na usukani nimeshaukunja. Tairi la mbele likateleza, pikipiki ikalala kushoto, goti langu chini yake. Mwenye baiskeli aliyekuwa nyuma ndiye aliyeninyanyua.

Kwa hiyo wiki ya kwanza tafuta uwanja, jioni, ujifunze kusimama tu. Kijiweni utaambiwa breki ya mbele usiiguse, itakubwaga. Uongo. Ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi, hivyo kwenye lami kavu ya mbele ndiyo inayokusimamisha hasa. Ukitegemea ya nyuma peke yake itakuburuza mpaka kwenye bampa la mtu. Tumia zote mbili, pikipiki ikiwa imenyooka. Na vidole visishtuke: ikamue kama tui, unaongeza kidogo kidogo. Kwenye mchanga mguu wa kulia, yaani breki ya nyuma, ndio ufanye kazi zaidi, na mwendo uwe umeshaupunguza kabla hujaingia. Kama Boxer yako ina dramu mbele, yaani breki iliyofungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu badala ya diski, ukivuka dimbwi breki inaweza kupotea kwa muda; tembea polepole huku unaigusagusa mpaka ikauke.

Barabara yako ina malori ya saruji. Likikupita, upepo wake kwanza unakusukuma, halafu unakuvuta. Usikaze mikono, bana tangi kwa magoti. Usiendeshe ukingoni kabisa mwa lami, maana ukiteleza pale kurudi juu ni kazi. Na lori likiwa linakata kushoto, usijipenyeze kushoto kwake hata kama nafasi unaiona. Dereva hakuoni.

Ngamiani, ukishaingia mjini, nako ni njia panda kila baada ya hatua chache, na baiskeli zinachomoka bila kengele wala breki. Punguza tu.

Abiria usibebe miezi ya mwanzo. Anguko langu la pili nilimpakia shangazi, kakaa upande kama mama zetu wanavyokaa, pindo la baibui linaning'inia. Nikasikia krrr, nikahisi tunavutwa nyuma. Spoku zimeshakamata nguo. Bahati tulikuwa tunapanda tuta, tukalala pale pale. Kachubuka kiwiko, baibui limechanika mpaka kiunoni, na hadi leo nikibisha hodi anauliza kwanza nimekuja na nini. Siku hizi siondoki mpaka pindo limekaliwa, khanga pia.

Helmeti bila kufunga kamba ni pambo. Cheni icheze sentimita 2 hadi 3, isikaze wala isilegee. Leseni usiinunue kwa mtu, nenda darasani.

Jambo moja la njia yako ambalo utaligundua mwenyewe ukichelewa: Pongwe iko magharibi mwa mji. Asubuhi unakwenda jua likiwa machoni, jioni unarudi liko machoni tena, na anayekufuata nyuma naye haoni vizuri. Taa ya nyuma hakikisha inawaka. Kioo cha helmeti kikishakwaruzika badilisha, maana jua likikipiga unaona weupe mtupu. Asubuhi toka kabla halijachomoza, au subiri saa 2 likiwa limeshapanda.