Ukuta wa LEGO unaopasuka katikati

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ukuta wa nyumba yako ya LEGO, vile vitofali vya plastiki vya kuchezea, unapasuka katikati ukiunyanyua, na kama vitofali vya kaka yako vya miaka ya 80 vitashikana na vipya. Vitashikana. Mfumo wa vinundu juu na mirija ndani uliombewa hataza Denmark mwaka 1958, na vipimo vyake havijabadilika. Vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, yasizidi nyuzi 40, kisha uvianike kivulini. Jua linageuza vyeupe kuwa vya njano.

Sasa ukuta. Nimeitazama picha yako kwa makini: viungo vimepangana mstari mmoja toka chini hadi juu. Fundi mwashi hajengi hivyo! Kitofali cha juu kikalie viwili vya chini, nusu huku nusu kule, na kwenye pembe vipishane. Kila baada ya safu tano hivi, laza kile kipande chembamba kirefu kifunge safu nzima. Vyembamba vitatu vina kimo cha kitofali kimoja, hivyo ukishaweka vitatu kimo cha ukuta kinarudi kwenye hesabu ya vitofali vizima, na madirisha hayatakusumbua.

Gundi usiiguse kabisa, inaua raha ya kubomoa na kujenga upya. Ukifika kwenye paa tuwekee picha, nina hamu sana ya kuliona.