Tazama Kope Kabla Hujagusa Nyusi

Mdogo wangu mmoja wa Tabora ameniandikia. Anaolewa baada ya Ramadhani, na mashoga zake wamemchangia nauli na pesa ya kuchorwa nyusi za tatuu Dar es Salaam, kwa sababu nyusi yake ya kulia imepanda na ya kushoto imeshuka. Anauliza: "Dada, nichore tatuu au nichome botoksi, ile sindano ya kulegeza msuli?" Nimemjibu pembeni, ila nawaandikia na ninyi. Hapa saluni kwangu Mwanga, Kigoma, swali hili naulizwa kila mara, na mimi jibu lake nimelibeba usoni tangu nizaliwe.

Kwenye picha zake niliona jambo ambalo mashoga zake hawakuliona. Chini ya ile nyusi iliyopanda, kope la juu, yaani ile ngozi inayofunika jicho, lilikuwa limelala. Kope linainuliwa na msuli wake mdogo. Msuli huo ukiwa dhaifu kope linashuka na kuanza kuziba jicho, na mwili haukubali. Unaukaza msuli wa paji la uso, nyusi inavutwa juu, na kope linasogea nayo kidogo. Kwa hiyo nyusi unayoiona imekosea mara nyingi ndiyo inayokusaidia kuona.

Jipime mwenyewe. Kaa mbele ya kioo penye mwanga wa mchana, fumba macho, legeza paji la uso, bana nyusi zote mbili kwa vidole zisipande, kisha fumbua macho ukitazama mbele. Kwa kawaida kope la juu hufunika ukingo wa juu wa lile duara la rangi la jicho kwa milimita 1 hadi 2 tu. Ukiona upande mmoja limeshuka zaidi, usimpe mtu wembe wala sindano. Tafuta kwanza daktari wa macho.

Mimi nilizaliwa na kope la kushoto limelegea. Shuleni mwalimu mmoja aliamini nasinzia darasani, nikachapwa mbele ya wenzangu kwa jicho ambalo sikulilegeza mimi. Wenzangu wakanipa jina, "Sinzia", na jina hilo likanifuata mpaka sekondari. Mpaka leo nikilisikia sokoni, hata kama anaitwa mtu mwingine, mwili unanisisimka. Nilijifunza kuvuta mtandio upande mmoja na kupiga picha kwa upande mmoja. Nilipofungua saluni, mashangazi wa bibi harusi mmoja wa Ujiji walinitazama usoni, wakanong'onezana, wakaondoka na binti yao. Niliwasikia: anayetinda wenzake mbona zake zimepishana?

Aliyenifungua macho ni daktari aliyekuja kwenye kambi ya upimaji. Alinipima kope kwa rula ndogo, akaliinua kwa kidole na kutazama kope la pili, kwa sababu ukiliinua moja, la pili linaweza kushuka, na hilo linabadilisha mpango mzima wa upasuaji. Kisha akaniambia maneno ambayo hakuna fundi wa nyusi aliyewahi kuniambia: "Nyusi zako hazina kosa."

Sitawachosha na habari za kuchanga pesa na safari. Nilipasuliwa hospitali ya kanda, kwa sindano ya ganzi, nikiwa macho. Wanakata kwenye mkunjo wa kope ili kovu lijifiche, wanakaza msuli, kisha wanakukalisha wima na kukwambia tazama mbele, walinganishe macho mawili kabla ya kufunga nyuzi. Uvimbe na weusi uliondoka taratibu. Kwa muda kope halikufumba vizuri nikilala, nikawa napaka dawa ya kulainisha jicho usiku lisikauke. Na nyusi? Hakuna aliyeigusa. Ilishuka yenyewe, kwa sababu haikuwa na mzigo tena wa kuvuta.

Leo mabibi harusi wa Ujiji wananifuata mimi. Nasema hivyo kwa fahari, na nina haki nayo.

Sasa turudi kwa tatuu. Nyusi za tatuu huchanjwa kwa visindano vidogo na kutiwa rangi, nazo hukaa mwaka mmoja hadi mitatu hivi. Ukichora juu ya nyusi iliyovutwa na kope, umechora mahali ambapo nyusi haitakaa siku ukitibiwa. Itashuka na mchoro wake, halafu utaanza kutafuta wa kukufutia. Pia sisi wenye ngozi nyeusi makovu ya kuvimba hutupata kwa urahisi zaidi. Kama ngozi yako ina historia hiyo, hata pale ulipotoga masikio, kaa mbali. Na kifaa kikitumika kwa mtu zaidi ya mmoja kinaweza kubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Fundi akikataa kufungua kifaa kipya mbele yako, inuka kwenye kiti.

Botoksi nayo si ya kuchezea. Marekani iliikubali kwanza mwaka 1989, tena kwa magonjwa ya macho, makengeza na kope zinazojibana zenyewe. Kwa mikunjo ya katikati ya nyusi ilikubaliwa mwaka 2002. Inalegeza msuli. Mwenye kope nzima na nyusi iliyopanda kwa nguvu ya msuli tu anaweza kusaidika, matokeo yakianza baada ya siku chache na kuisha kwa miezi 3 hadi 4. Lakini kwa mwenye kope lililolegea, ukilegeza msuli wa paji umeondoa mkono uliokuwa unalishikilia, na jicho litaziba zaidi. Hata kwa mtu mzima wa afya, ikisambaa vibaya inaweza kuangusha kope kwa wiki kadhaa. Ni dawa, na inatakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi joto 2 hadi 8. Anayekuletea kwenye mkoba, imesafiri kwa basi juani, anakuletea nini?

Yapo pia matone ya jicho yaliyokubaliwa Marekani mwaka 2020 kwa watu wazima ambao kope zao zililegea ukubwani. Huinua kidogo, kwa saa chache. Dawa iliyomo inafanana na ya baadhi ya matone ya pua tunayonunua dukani, ndiyo maana nasisitiza: ya pua isiingie jichoni, haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Kama ulijipima na kope ziko sawa, karibu kwangu au kwa fundi yeyote makini. Ukae wima, usilale, kwa sababu ukilala uso unakaa vingine. Usiongee wala kucheka tunapopima. Nyusi iliyo chini itindwe kwa chini na kujazwa wanja kwa juu, na iliyo juu itolewe vinywele vichache kwa juu na kujazwa kwa chini. Usikimbize zilingane kabisa, uso wa binadamu hauko hivyo, na kinachotolewa kila siku siku moja hakirudi. Kope za bandia nzito zinalivuta chini jicho lililolegea, chagua nyepesi. Na piko, dada zangu, piko si ya nyusi! Hiyo nyeusi ya dukani mara nyingi ina rangi kali ya nywele inayoweza kubabua ngozi na kuvimbisha macho. Nimeona bibi harusi akiingia ukumbini na miwani ya jua.

Kwetu Ujiji swali la dini halikosekani. Wengi tumefundishwa kwamba kunyonyoa nyusi kwa urembo kumekatazwa katika hadithi. Anayeshika hilo namheshimu, simtindi. Lakini shangazi yangu aliponiambia kwamba kupasuliwa kope ni kumsahihisha Muumba, iliniuma, na bado inaniuma. Yeye mwenyewe alitolewa mtoto wa jicho, tukasoma dua ya shukrani nyumba nzima. Kwa nini tiba ya jicho lake iwe neema na ya kope langu iwe kufuru? Muulize shehe wako kuhusu tiba ya kasoro, usimuulize jirani. Uso ni amana, na amana hutunzwa kwa elimu.

Pa kuanzia ni kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa sisi wa Kigoma, Kitete kwa ninyi wa Tabora. Wao wakiona haja watakuandikia rufaa kwenda Bugando, KCMC au Muhimbili. Beba picha zako za zamani, za utotoni ukiwa nazo, maana daktari atataka kujua kama ulizaliwa hivyo au lilikuja baadaye. Kope lililo sawa asubuhi na kulegea jioni lina maana yake, hasa likiambatana na kuona vitu viwili viwili au kumeza kwa shida. Yaseme yote.

Kwa mtoto usingoje akue. Kope likiziba jicho la mtoto mdogo, jicho hilo linaweza lisijifunze kuona vizuri, na ukubwani upasuaji wa kope hautarudisha uwezo huo. Na kope la mtu mzima likianguka ghafla, kichwa kikiuma sana, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mdomo ukienda upande au mkono ukikosa nguvu, hapo hakuna habari ya urembo. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na mmwambie daktari lilianza saa ngapi.