Uliza Tujibu: Kutoka Pwani Kwenda Kuonja Mvinyo Dodoma

SWALI: Hamjambo wahariri. Sisi ni akina mama watano wa kikoba hapa Pangani. Tunataka kwenda Dodoma kutembelea kiwanda kidogo cha mvinyo kijijini. Twende lini, tutazame nini, na kuonja kwenyewe hufanywaje? Mmoja wetu hanywi kabisa.

JIBU: Dada zetu, nendeni wakati wa mavuno. Dodoma haina baridi kali ya kuulaza mzabibu, hivyo mkulima akipogoa mara mbili huvuna mara mbili: karibu na Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Sisi tungechagua Agosti. Zabibu za kiangazi hujaa sukari, ilhali za Machi hukomaa katika mvua, ugonjwa wa ukungu ukaziandama. Pigeni simu kwanza, maana siku ya kukamua kila mtu yuko kazini. Mashamba mengi yako Hombolo na Makutupora, nje ya jiji, basi pangeni usafiri wa kurudi kabla hamjatoka mjini.

Ombeni kuonyeshwa tenki la mvinyo mwekundu likiwa linachacha. Kazi hiyo mnaijua nusu, kwani ni ndugu ya tembo la mnazi: hamira hula sukari, ikatoa kileo na gesi. Ila tembo hujichachia kibuyuni na jioni limeshakuwa kali, wakati mvinyo huu huangaliwa kwa siku 5 hadi 10. Zabibu za mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, ikachachushwa maji yake tu. Mwekundu huchacha pamoja na maganda, maana rangi imo humo. Gesi huyainua maganda yakaelea kama mfuniko, na lazima yazamishwe mara 2 au 3 kwa siku. Yakiachwa yakakauka, bakteria wa siki huingia na tenki zima likaharibika. Joto nalo likipita nyuzi 35, hamira huanza kufa sukari ikiwa haijaisha. Muulizeni mwenyeji anapoozaje tenki lake. Kwa jibu hilo mtajua kama anaijua kazi. Lakini msiinamishe kichwa ndani: gesi ile ni nzito kuliko hewa, na mtu huweza kuzimia ghafla.

Siku ya kuonja kuleni kwanza, na msijifukize udi wala kujipaka marashi, pua itashindwa kazi. Anzeni na mweupe mkavu, yaani usio na utamu, kisha mwekundu, mtamu uje mwisho. Mtamu ukitangulia, mkavu utaonekana mchungu. Mtamiminiwa kama mililita 40. Zungusha glasi, nusa, sukutua mdomoni kidogo, kisha meza au tema ndooni. Kutema si utovu wa adabu, ndoo imewekwa kwa hilo. Maonjo 6 yote yakimezwa ni mililita 240, karibu theluthi ya chupa, na mvinyo wa asilimia 13 una nguvu zaidi ya mara mbili ya bia ya asilimia 5. Ulimi ukikauka kama mtu aliyeng'ata bibo, huo ni ukakasi wa maganda na mbegu, si ubovu. Harufu ya siki au ya boksi lililolowa ndiyo kasoro; semeni, mfunguliwe chupa nyingine. Asiyekunywa atafaidi shamba na zabibu mbichi.

SWALI: Mume wangu aliniletea Bagamoyo chupa mbili za mwekundu kutoka Dodoma, kwenye buti la gari. Moja kizibo kimetokeza, na ladha ni kama zabibu zilizochemshwa. Je, ni kosa la kiwanda?

JIBU: Yaelekea ni joto la njiani. Gari likiegeshwa juani, ndani huweza kukaribia nyuzi 50. Mvinyo hutanuka ukasukuma kizibo, na ukipoa hewa huvutwa ndani. Safari nyingine chupa zikae mbele pamoja na abiria, zimefungwa khanga ndani ya boksi la kubebea samaki, lililooshwa vizuri. Nyumbani zilaze sakafuni katika chumba cha ndani ili kizibo kisikauke, wala usiziweke juu ya friji. Mwekundu hupendeza kwa nyuzi 16 hadi 18, na Bagamoyo mwezi Februari hupita 30, kwa hiyo utie frijini kwa muda kabla ya kunywa. Ukishafunguliwa, uzibe na uurudishe frijini. Unywewe ndani ya siku 3. Huo ulioharibika na joto hauna sumu. Loweka nyama usiku mmoja, upikie.