Ngoma, redio, harusi na filamu: ninayomwambia mpwa wangu

Mpwa wangu amepata nafasi TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Juzi aliniuliza, "Mjomba, nikimaliza nitakuwa mwigizaji, mcheza ngoma au mtangazaji?" Nilimwambia ukweli: kwa miaka zaidi ya 20 nimekuwa vyote hivyo, na hakuna hata kimoja ambacho peke yake kingenilipia kodi ya nyumba.

Mimi nilisoma palepale kabla ya 2007, enzi bado ni Chuo cha Sanaa. Nilikwenda kutafuta uigizaji, wakanipa ngoma. Nilinuna. Sikuona kwa nini nishinde juani na sindimba wakati ndoto yangu ilikuwa luninga. Faida yake niliiona miaka mingi baadaye, kwenye chumba kimoja cha kurekodia Sinza. Kuta zilikuwa zimezibwa kwa magodoro, feni imezimwa isiingie kwenye maikrofoni, na jasho lilikuwa linadondokea karatasi. Tangazo lilikuwa la sekunde 30, mimi nilikuwa natumia 34. Fundi aliniambia, "Rudia, kaka, mwishoni unameza maneno." Nilirudia mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Ndipo nikaanza kugonga paja kwa vidole, taratibu, kama nilivyofundishwa kushika mapigo ya ngoma, nikasoma kwa kuyafuata. Ikatoka 30 kamili. Kwa hiyo mpwa wangu, usichague masomo. Hujui ni lipi litakalokulisha.

Ushereheshaji wa harusi wasanii wengi wanaubeza, na hilo linaniuma, kwa sababu ndio ulionisomeshea watoto. Ni kazi ya jukwaani kabisa. Nenda kwenye kikao cha kamati mapema, omba majina ya wazee wa pande zote mbili, yaandike na uyatamke mbele ya ndugu zao mpaka waridhike. Chukua nusu ya malipo kabla ya siku yenyewe.

Filamu ndiyo iliyonipa jina, na ndiyo iliyonidhulumu. Msambazaji mmoja alinipa karatasi moja tukiwa lokesheni, nikaisaini juu ya boneti ya gari huku mwongozaji akiniita. Ilikuwa na maneno mawili ambayo sikuyatilia maanani: "haki zote". Filamu iliuzwa miaka na miaka, ikaonyeshwa kwenye televisheni, mimi nikabaki na malipo yale ya siku ya kwanza.

Sikuwa peke yangu. King Majuto alianzia uchekeshaji wa jukwaani Tanga, akaigiza filamu nyingi mno na kufanya matangazo. Alipougua mwaka 2018, mwaka aliofariki, mikataba ya wasanii ikawa gumzo nchi nzima. Iliniumiza kuona mtu aliyetuchekesha kiasi kile ndiye tunayejifunzia jambo hili.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza kazi itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na ikirudiwa nani analipwa. Ukijibiwa "hayo tutaongea baadaye", omba karatasi ukalale nayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua msanii mtendaji, yaani anayeigiza, kuimba au kucheza, si mtunzi peke yake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo kwa ajili hiyo. Nenda ukaulize kabla hujaibiwa, usisubiri yakufike.

Nimemnunulia kauntabuku. Kila kazi ataandika tarehe, aliyempa, kiasi alicholipwa na walichokubaliana, halafu abandike nakala ya mkataba. Langu nililianza mwaka 2010, baada ya ile filamu. Mwaka jana nilisikia sauti yangu redioni, kwenye tangazo ambalo muda wake ulikuwa umekwisha. Nilifungua daftari, nikapiga picha ukurasa ule, nikawatumia wenye tangazo. Wiki ya tatu wakanilipa.