Dawa za presha na sindano za mapafu: je, zitamfuata mtoto ukubwani?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Tukuyu, nina miaka 33. Mimba ya kwanza presha ilipanda, nikachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, nikajifungua njiti wa wiki 31. Sasa ana miaka minne na bado anachelewa kuongea. Wifi yangu anasema ni zile sindano. Nina mimba nyingine, wiki 13. Nilikuwa kwenye losatani, dawa ya presha, nikaiacha wiki ya 7 nilipojijua mjamzito. Nimeandikiwa methildopa ya presha na aspirini ya miligramu 75, lakini naogopa kuzimeza. Hazitamharibu mtoto figo au akili huko mbele?

JIBU: Marahaba, mama. Hofu yako si ya kuchekwa. Kuanzia miaka ya 1940, wajawazito wengi wa Marekani na Ulaya walipewa homoni ya diethilstilbestroli ili mimba zisitoke. Watoto walizaliwa, wakakua vizuri tu, hadi mwaka 1971 madaktari wa Boston walipoeleza saratani adimu ya uke kwa wasichana ambao mama zao waliitumia. Tangu hapo, kuona mtoto amezaliwa mzima hakutoshi kuisafisha dawa. Tunataka kujua akifika shule yukoje, na akiwa mtu mzima yukoje.

Nianze na sindano, maana hizo ndizo zimeingia mpaka kwenye maneno ya mawifi. Kwa kawaida ni deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Dawa ndugu yake, betamethasoni, ilijaribiwa New Zealand na matokeo yakatoka mwaka 1972. Watoto wale walifuatiliwa hadi miaka 30. Presha yao, mapafu na uwezo wa akili havikutofautiana na vya wenzao ambao mama zao hawakuipata. Kilichoonekana ni insulini, homoni inayoshusha sukari mwilini, kupanda zaidi kidogo baada ya kunywa glukosi, ila kisukari hakikuwa kingi zaidi.

Upande wa pili upo, na sitakuficha. Mwaka 2020, rekodi za watoto zaidi ya 670,000 wa Ufini zilionyesha matatizo ya akili na tabia kwa asilimia 12 hivi ya waliopata sindano hizo tumboni, na asilimia 6 na kidogo kwa wasiopata. Tofauti ilikuwa dhahiri kwa wale waliochomwa kisha wakazaliwa miezi ikiwa imetimia. Rekodi hazithibitishi kwamba sindano ndiyo chanzo, lakini kwangu zinatosha kukataa kumchoma kila mjamzito anayelalamika tumbo. Wewe ulijifungua wiki ya 31. Bila sindano zile, huenda leo tusingekuwa tunazungumzia kuongea kwake.

Njiti wengi huchelewa kuongea kwa sababu ya unjiti wenyewe. Ila kwanza apimwe masikio. Manjano kali ya mwili na macho baada ya kuzaliwa na baadhi ya dawa anazopewa kichanga mgonjwa, kama jentamaisini, huweza kuumiza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri hana anachoiga.

Methildopa imeze bila wasiwasi. Uingereza walifuatilia watoto wa mama walioitumia hadi miaka 7 na nusu, hawakuona madhara. Aspirini ndogo nayo, umri wako wa mimba ndio wakati wake hasa: inafaa ianze kabla ya wiki ya 16, na hupunguza uwezekano wa presha kali ya mimba, ile inayoweza kuleta kifafa cha mimba, kurudi mapema. Usinunue ya miligramu 300 ukaikata vipande kwa wembe. Kipande kimoja kitakuwa kidogo, kingine kikubwa. Na ukiumwa mgongo, duka la dawa wakikupa diklofenaki au ibuprofeni, kataa. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuzipa shida figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi.

Losatani uliiacha wakati mzuri. Ubaya wake mkubwa kwa figo za mtoto huja baada ya miezi mitatu ya kwanza. Hata hivyo, fanya ultrasaundi ya kuangalia viungo kati ya wiki ya 18 na 22, na mwambie anayekupima kwamba uliitumia.

Kinachonisumbua zaidi ni hizo dawa kubaki kwenye pakiti. Presha isiyodhibitiwa inabana damu inayopita kwenye kondo. Mtoto anadumaa tumboni au tunalazimika kumtoa mapema tena. Na watoto wa mama waliopata presha ya mimba huwa na presha ya juu kidogo wakikua, kwa hiyo wa kwanza naye apimwe akienda kliniki.

Panga kujifungulia hospitali kubwa, mfano Meta hapa Mbeya. Kichwa kikigonga bila kutulia, macho yakiona ukungu au maumivu yakikaza chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali ya Makandana hapo Tukuyu usiku huohuo, na kadi yako mkononi.